Unga wa Mawe Kifuani

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye foleni ya posta hapa Homa Bay, mfanyabiashara mmoja kutoka Nyatike akanishika bega na kuniambia, "Jaduong', mzee wangu, ile redio ya Macalder imezimika." Alikuwa akitabasamu. Si mtu mbaya. Ananiletea karanga kila akija mjini na hanipunji. Alilitaja tu jina ambalo kijiji kizima kililitumia, na nadhani kwa jinsi walivyolizoea walikuwa wamesahau kwamba ni tusi. Redio ilikuwa kikohozi cha mama mmoja mjane, msaga mawe, muumini mwenzetu. Walikiita redio kwa sababu kilianza kabla watu hawajaamka na kiliendelea wakiwa wamelala, na kwa sababu, walisema, hakuna fundi aliyejua kitufe cha kukizimia kiko wapi. Nilimuuliza yule bwana mama amekufa lini, akasema Jumapili, wakati watu wako kanisani. Akaongeza kwamba hata yeye alishangaa asubuhi ile kusikia kijiji kimenyamaza, akadhani labda mama amesafiri.

Mnaosoma safu hii mnajua kwamba huwa naandika juu ya mambo ya kushukuru, na umri wangu umenipa mengi. Leo naomba mnivumilie. Huyu mama hakuwa ndugu yangu wala jirani yangu. Nilimfahamu miaka michache tu, ile ya mwisho, na katika miaka hiyo alikuwa na haja moja. Haikuwa kupona. Alitaka watu wale tena chakula kilichopikwa kwa mkono wake.

Kwa msomaji ambaye hajafika Macalder, niseme kwamba wazungu walichimba dhahabu pale zamani, wakaondoka, na watu wa Nyatike wakabaki na mashimo. Wanaume hushuka kwa kamba na kupandisha mawe. Wanawake huyapokea, huyavunja kwa nyundo, kisha huyatwanga kwenye kinu cha chuma kwa mchi wa chuma mpaka yanakuwa unga laini wa kuoshwa. Kazi ya kutwanga inafanyika ndani ya banda la mabati, na mlangoni hutundikwa magunia. Magunia hayo ni ya kuzuia upepo. Dhahabu imo ndani ya ule unga, kwa hiyo upepo ukipita mlangoni ukabeba unga, umebeba ugali wa watoto. Maji nayo hawayataki kinuni, kwa kuwa jiwe likilowa hugandamana chini ya mchi na halitoi unga mwembamba. Basi wanawake hukaa humo, wamefungiwa na unga wao, wakitwanga na kuimba, na wakitoka jioni wana kope nyeupe kama watu waliotoka kusaga muhogo. Huchekana. Mama huyu alikuwa bingwa wa banda lile. Unga wake ulikuwa laini kuliko wa wote, na wachimbaji walipigania nani ampe mawe yake. Kila alichokijua juu ya kazi hiyo kilimwambia kwamba banda zuri ni lile ambalo vumbi lake halitoki.

Mume wake alipofariki aliacha wajane wawili. Desturi ya huku mnaijua: mjane hurithiwa na ndugu wa marehemu, na kabla hajarithiwa haingii nyumba za watu wala hagawi chakula mikononi mwa wengine, maana inaaminika atawaletea chira, ule ugonjwa wa kukonda unaompata mtu aliyevunja mwiko. Mke mdogo alikubali kurithiwa. Mkubwa, huyu ninayemkumbuka, alikataa. Aliwaambia wazee wa boma kwamba ameshaolewa mara moja na imetosha, na kwamba kama kuna mwanamume anataka kulala kwake, aende kwanza akamuulize mchungaji. Wazee walimwacha, lakini walimwacha kwa namna ya watu wanaojua wana muda wa kungoja. Alipoanza kukohoa na mabega kutokeza, hawakuhitaji kusema neno. Waliokuwa wa desturi walisema ni chira, amekataa kurithiwa na sasa inamla. Waliojiona wa kisasa walisema si chira, ni ayaki, yaani ukimwi, mume alimwachia. Walibishana sana juu ya jambo hilo, kwa moyo wote, hata mbele yake. Walikubaliana kwenye jambo moja: wasile chakula chake.

Kuna siku nilihubiri Macalder, ikawa ni sikukuu ya akina mama, na kila mama alileta chakula chake. Yeye alileta sufuria ya ngege wa kukaanga kisha kuchemshwa kwa nyanya, samaki ambao mtu wa huku huwanunua kwa kujinyima. Alikohoa njia nzima lakini sufuria haikumwagika. Akina mama wa jikoni walimpokea vizuri kabisa. Walisema ahsante, wakamsifu kwa harufu, wakaiweka sufuria chini ya meza. Watu walikula, wakaimba, wakaomba. Wakati wa kuondoka mmoja wao alimrudishia sufuria yake, ikiwa imejaa vilevile kama ilivyokuja, ameifunika kwa kitambaa vizuri kuliko alivyoifunika yeye mwenyewe. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kichwani. Mke mwenzake, yule mdogo, alikuwa amesimama karibu na mlango na wenzake, na mama alipopita akikohoa alisema, kwa sauti ya mtu anayetania, "Nyieka, mke mwenzangu, punguza sauti, tunataka kusikiliza habari." Walicheka. Nimesikia matusi mengi katika maisha yangu, na baadhi nilirushiwa mimi. Sijasikia lililokuwa na adabu kuliko ile sufuria iliyofunikwa vizuri.

Hospitali alikwenda. Nawaambia hili kwa sababu wengi walidai kwamba alijificha. Migori walimpima makohozi mara kadhaa, vijidudu vya kifua kikuu havikuonekana, wakampa dawa za kifua kikuu hata hivyo, kwa kuwa mtu anayekohoa na kukonda huku kwetu atakuwa na nini kingine. Alizimeza zote mpaka zikaisha. Kikohozi hakikuisha. Akaja Homa Bay, wakampima damu, ikatoka safi. Alirudi nyumbani na habari hiyo, nao wakamwambia kwa huruma kwamba madaktari huwadanganya watu wa kufa ili wasijinyonge. Kwa bahati njema pale Homa Bay palikuwa na daktari kijana ambaye hakupenda kukisia. Aliitazama picha ya kifua chake dirishani, akamwambia kwamba anaona madoa mapafuni na tezi zilizovimba kando ya njia za hewa, na kwamba madoa ya namna hiyo yanaweza kuwa magonjwa matatu au manne, na yeye hajui ni upi. Alisema, "Sijui, mama. Lazima mtu aingie ndani atazame." Maneno hayo, sijui, yalimfurahisha mama kuliko dawa zote. Alikuwa ameishi miaka kati ya watu wanaojua.

Kutazama ndani kulikuwa Nairobi. Mchungaji wao aliniomba niende naye, kwa kuwa mwanangu anaishi huko na tungepata pa kulala, na kwa kuwa mama alisema Kijaluo na Kiswahili cha sokoni tu, naye hakutaka kuambiwa ugonjwa wake kwa lugha ya kukisia. Hivyo nilikuwa chumbani, nyuma ya pazia, kama mkalimani. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba asiye na maneno mengi. Alitueleza kwamba atampulizia dawa ya ganzi kooni, kisha atapitisha puani mpira mwembamba wenye taa na kioo kwenye ncha, uteremke mpaka ndani ya mapafu, na kwenye mpira huo kuna kikoleo kidogo sana cha kung'oa kipande cha nyama, kisichozidi punje ya mtama. Mama aliuliza kama taa hiyo itaonyesha dhambi pia. Daktari hakutabasamu. Alimjibu kwamba hiyo ni kazi ya huyu mzee, akanionyesha mimi.

Mara ya kwanza haikufaulu. Mama alivumilia vizuri, machozi yakimtiririka tu, lakini kipande kilichotoka hakikuwa na habari. Daktari alinieleza kwa uwazi ambao bado naushukuru. Alisema taa inaonyesha ukuta wa njia ya hewa, lakini ugonjwa wenyewe uko nyuma ya ukuta, kwa hiyo yeye anaona chumba lakini haoni kilichoko chumba cha pili. Hapo hupapasa. Hung'ata mahali anapodhani, kama mtu anayetafuta sarafu mfukoni akiwa amevaa glavu. Akasema huko ng'ambo kuna wenzake walioanza kuweka kwenye ncha ya mpira kama huu kidude kidogo cha mawimbi ya sauti, ndugu wa ile mashine inayowaonyesha wajawazito mtoto tumboni, ili waone kilicho nyuma ya ukuta kabla ya kung'ata. "Sisi tutakipata siku moja," alisema. "Leo nina vidole na subira." Nilipomtafsiria mama maneno hayo, alisema kwamba hata yeye maisha yake yote alitafuta dhahabu nyuma ya ukuta bila kuona, na mwambie daktari apige tena.

Alipiga tena, siku nyingine, na safari hii kikoleo kilitoka na kitu. Tulingoja majibu kwa muda mrefu kwa mwanangu. Tuliporudi, daktari hakuanza na ugonjwa. Alituketisha, akamtazama mama mikono, akaniuliza, "Mama huyu anafanya kazi gani?" Nilishangaa kidogo, kisha nikaona haya kwa niaba ya watu wengi. Migori, Homa Bay, kanisani, bomani, kwa waganga waliompa manyasi, ile dawa ya miti ya kuondoa chira, wote walimuuliza amelala na nani, amemkosea nani, amekataa nini. Swali hili halikuwa limeulizwa. Mama akajibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake, kwamba anasaga mawe ya dhahabu. Daktari akatikisa kichwa polepole, akasema ndani ya ile nyama, chini ya hadubini, wamekuta chembe za jiwe zinazong'aa, na nyama imejikunja kuzizunguka ikawa makovu. Si kifua kikuu. Si saratani. Ni vumbi la kazi yake.

Mama alinitazama nimalizie kutafsiri, kisha akauliza, "Kwa hiyo hakiambukizi?" Daktari alisema hakiambukizi. Mama akauliza tena, "Hata kwenye sufuria?" Daktari alinigeukia akidhani nimekosea maneno. Nikamwambia sikukosea. Akamjibu mama, hata kwenye sufuria. Kisha alimweleza yaliyobaki: makovu hayo hayana dawa, asikanyage tena ndani ya banda, na wenzake watoe yale magunia mlangoni na wamwagie mawe maji wanapoyatwanga, maana wao pia wanayavuta. Mama alisikiliza hayo kwa adabu, lakini naamini alikuwa ameshaondoka. Alikuwa njiani kurudi Macalder na jibu lake. Kwenye basi alinieleza jinsi atakavyopika.

Alipewa nafasi ya ushuhuda Jumapili iliyofuata. Nilikuwepo. Alisimama mbele ameshika meza, akasimulia mpira na taa na kikoleo, na watu walisikiliza kwa mshangao, watoto wakiwa wameacha kusukumana. Aliposema si ayaki, baadhi walisema amina. Aliposema wala si chira, walisema amina wachache zaidi. Kama angeishia hapo, nadhani wangeanza kula kwake, polepole, mmoja mmoja. Lakini mama alikuwa mtu mkweli na aliwapenda wenzake wa banda, kwa hiyo aliendelea. Alisema, "Ni unga wa mawe. Uko ndani yangu, na uko ndani yenu. Daktari amesema tutoe magunia."

Hapakuwa na familia kanisani humo ambayo haikuwa na mwanamke kwenye banda. Kisha mwenye banda akasimama. Ni mtu mkarimu, mabati ya paa lile la kanisa aliyatoa yeye. Aliuliza kwa upole, "Mama, hiyo mashine ya Nairobi ilikutazama wewe, au ilitutazama sisi sote?" Watu wakacheka. Nimefikiri sana juu ya kile kicheko. Hakikuwa cha furaha. Kilikuwa cha watu waliotupiwa kamba wakiwa wanazama. Mama alijibu kwamba ilimtazama yeye tu. Mwenye banda akasema basi, tumshukuru Mungu kwa ajili ya mama, na akaketi.

Kesho yake alikwenda bandani, akasimama nje, akaomba magunia yaondolewe walau upande mmoja. Wanawake walitoka na kope zao nyeupe. Hawa ndio waliokuwa wakiimba naye. Walimwambia aende. Mmoja alisema anawaogopesha wasichana, mwingine akasema anataka wakose ili walingane naye. Mke mwenzake alikuja mbele yao wote akiwa ameshika mchi. "Upepo ukibeba unga," alimwambia, "watoto wangu watakula nini, nyieka? Watakula mapafu yako?" Tangu siku hiyo mama hakurudishiwa hata sufuria, kwa kuwa hakuna aliyeipokea. Hapo kwanza walimwogopa, na mtu unayemwogopa unaweza kumhurumia. Sasa walimchukia. Mwenye chira amejikosea mwenyewe, na ukimtazama unajiona salama. Mwenye jiwe kifuani ni kioo, na kila aliyekohoa kidogo asubuhi alijiona humo.

Ukapita mwaka na zaidi. Kisha siku moja ya kazi, mchana, wakati banda limejaa na boma liko tupu, mke mwenza alikuja nyumbani kwake kwa njia ya nyuma, kupitia shamba la mtama. Mama mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Alisema alimsikia kabla hajamwona, kwa kuwa alikuwa akikohoa. Aliketi jikoni bila kukaribishwa, akasema hajalala wiki nzima, akauliza ile hospitali ya mpira iko wapi na mtu huanzia kwa nani. Mama hakumkumbusha lolote. Alimweleza aanzie Homa Bay kwa yule daktari kijana, na aje kwangu, nitampa pa kulala. Kisha alimkamata kuku. Alipika, akasonga ugali, akanawisha mgeni wake mikono, na mke mwenza akala. Alikula vizuri, akaongezewa mchuzi, akalamba vidole. Mama aliponieleza hayo sauti ilikuwa imekwisha, ilibidi nisogee karibu, lakini uso wake ulikuwa wa bibi arusi. Hakufurahi namna ile hata siku ya majibu Nairobi.

Mke mwenza alikuja kwangu kweli. Nilimpeleka hospitali na nilikuwa kando yake daktari alipoiweka picha yake dirishani, na pembeni, kwa kumbukumbu yake, akaieleza ile ya mwenzake. Hata mimi nisiyejua kitu niliona madoa yaleyale, machache zaidi. Daktari alimwambia kwamba kwa kuwa sasa wanajua kazi yake, hahitaji kupelekwa Nairobi kung'atwa. Ni jiwe. Akitoka bandani leo, anaweza kuishi miaka mingi. Alisikia, nami nilimtafsiria mara mbili ili asije akasema hakusikia. Aliuliza watoto wake watakula nini. Daktari alikiri kwamba hajui.

Aliporudi Macalder walimuuliza ameambiwa nini. Akasema, "Nilikula kwake mara moja tu. Nitazameni."

Hayo tu. Hakuhitaji kuongeza. Kijiji kilikuwa kimengojea maneno hayo miaka mingi, nao waliyapokea kama mvua. Mlo ule mmoja ukawa ushahidi: tazama, aliyekula ameugua, ambao hatukula tuko wazima. Alipewa manyasi, akatapika, akapumzika siku kadhaa, akatangazwa kuwa amepona nusu, akarudi kwenye kinu. Nilipopata habari nilikwenda Macalder nikasimama kanisani nikasema nilichokisikia kwa masikio yangu hospitalini. Walinisikiliza kwa heshima kwa ajili ya mvi. Nje, nikifunga viatu, nilimsikia mtu akisema jaduong' naye amelishwa kuku.

Nilifika kwa mama siku hiyohiyo, nikiogopa kwamba ameshasikia. Alikuwa ameshasikia. Alikuwa amekaa ameegemea ukuta, maana kulala chini kulimkata pumzi. Niliketi kando yake nianze maneno ya faraja, ambayo ndiyo kazi yangu. Yeye akanitangulia. Aliniuliza, kwa vipande, akivuta hewa kati ya neno na neno, "Alisema... chakula hakikuwa na chumvi ya kutosha?" Nikamwambia hakusema hivyo. Akacheka, kile kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikachukua muda mrefu sana. Baada ya mke mwenza hakuna aliyekula kwake tena, na Jumapili ile akafa, peke yake, wakati sisi tuko kwenye mabenchi.

Nimeombea sana moyo wangu juu ya mke mwenza yule, na Mungu ananijibu kidogo kidogo, kama anavyonijibu kwa mambo mengi. Siwezi kusema uongo wake ni mdogo. Ulimnyima mwanamke anayekufa kitu pekee alichokitaka, na ulikitumia kitu hichohicho kumnyima. Lakini najua kwa nini aliusema. Kikohozi kilichotoka kwenye sufuria ya mtu kina dawa, na ukiinywa unarudi kazini kesho. Kikohozi kilichotoka kwenye jiwe kina tiba moja, kuacha jiwe, na hakuna aliyemwambia baada ya hapo watoto wale nini. Mwenye banda hakumwambia. Kanisa halikumwambia. Daktari alisema hajui. Tumeomba miaka mingi Mungu atuletee mwanga wa elimu huku kwetu, na mimi ni wa kwanza kumshukuru kwa ule mpira mwembamba, na nitamshukuru tena siku kile kidude cha mawimbi ya sauti kitakapofika hospitali zetu na daktari asipapase tena. Hata hivyo nimejifunza kwamba taa inaweza kushushwa mpaka chini kabisa ya kifua cha mtu, ikaonyesha kitu waziwazi, na watu wenye macho mazuri wakaomba izimwe, kwa kuwa wakiona itawabidi wafanye jambo. Ni rahisi kupata anayejua ugonjwa kuliko kupata watakaokubali unakotoka.

Siku ya mazishi walikuja wengi, kama ilivyo kawaida yetu. Mke mwenza ndiye aliyekuwa mama wa boma sasa, kwa hiyo ndiye aliyemimina chai. Alikuwa amekonda. Alikohoa akiwa ameshika birika, akajificha uso kwa leso, akaendelea kumimina. Nikaona mtu wa kwanza akisema ameshakunywa kwake. Wa pili akasema tumbo si zuri leo. Wa tatu akapokea kikombe, akashukuru, akakiweka chini taratibu kando ya kiti. Yeye aliwatazama mmoja mmoja, na nilijua anawaelewa, kwa kuwa maneno hayo aliwahi kuyasema.

Najua safu hii inasomwa Macalder. Gazeti hufika huko likiwa limechelewa, lakini hufika. Kwa hiyo sina la kuwaambia juu ya aliyekufa, ninyi mlimjua kuliko mimi. Nawaambia juu ya aliye hai. Alidanganya, na ugonjwa wake si uongo wake. Ni unga wa mawe, hautoki kwa mtu kwenda kwa mtu, na aliambiwa hivyo mbele yangu. Ana watoto, ana jiko, anapika vizuri. Nendeni mkale kwake wiki hii, kabla ya kumsamehe ikiwa kumsamehe kutachukua muda mrefu, na mkimaliza kula mwombeni aongeze.